Milingoti isishuke bondeni

Mafinga, Oktoba

Ndugu yangu Tumaini,

Kamwene! Natumaini wa nyumbani hawajambo.

Umeuliza kama milingoti (mikaratusi) itafaa kule kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu. Usiipande huko. Mlingoti haupumziki kiangazi: unaendelea kuvuta maji wakati majani mengine yote yamekauka, na chemchemi ikififia, mboga zako na za majirani zimekwisha. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukanda huo uachie mivengi, miti ya asili ya kando ya maji, iote yenyewe.

Katikati ya mteremko endelea na mahindi, ila panda migrivea, miti inayoweza kukaa na mazao, juu ya kingo za makinga maji (matuta ya kuzuia mmomonyoko), kila baada ya mita 3 au 4. Ipogolee matawi ya chini kila mwaka, isitie kivuli. Kuni utapata hapohapo.

Misindano (mipaini) iende juu, kwenye udongo uliochoka. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inameza miche kama 450. Ongeza 45 ya kujazia itakayokufa. Ukiotesha mwenyewe, changanya kwenye viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea) udongo wa chini ya misindano mikubwa, ule wenye nyuzi nyeupe za kuvu. Bila kuvu hiyo miche hudumaa na kuwa ya njano, na wengi hukimbilia mbolea bure.

Subiri mvua iloweshe ardhi vizuri, kwa kawaida Desemba. Shimo liwe sentimita 30 kila upande. Chana kiriba ukitoe chote, kisha kata mizizi iliyojizungusha chini. Hapa ndipo watu huharibu: mche uliopandwa na kiriba chake huonekana mzima miaka miwili mitatu, halafu upepo unaulaza ukiwa umeshakuzidi kimo. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche mpaka uyapite majani.

Moto ndio adui mkubwa. Mlingoti ukiungua huchipua kwenye kisiki; msindano hauchipui, unaanza upya kwa kununua miche. Kwetu mashamba huungua zaidi kuanzia Agosti, jirani anapochoma mabaki akiandaa shamba. Kwa hiyo barabara ya moto (ukanda mtupu wa kuzuia moto) ya mita 10 iwe imelimwa kufikia Julai, tena ipakane na ya jirani, maana ya mtu mmoja haitoshi. Hili lipeleke kwenye kamati ya maliasili ya kijiji: zamu za ulinzi, faini, na sharti la kutoa taarifa kabla ya kuchoma. Sheria ndogo ikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya ina meno kuliko kuombana.

Msitu wa asili ulio juu ya chemchemi mnaweza kuutenga kuwa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Anzeni na mipaka; hapo ndipo ugomvi unapokaa.

Udongo wa misindano ukikosekana huko, niambie mapema nikutumie debe moja kwa basi la Njombe.

Wako,
Jirani wa zamani