Zile komedi hazikuyasifia mahaba, ziliyacheka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Ile makala yenu iliyosema komedi za enzi za Shakespeare zilikuwa zinawafundisha watu kupenda kwa dhati mpaka ndoa, mi naona mwandishi kaiangalia harusi ya mwisho tu, ya katikati kayaruka, maana ukizisoma vizuri humo hakuna anayechekwa kama mwanamme anayelialia mapenzi.

Chukua ile ya Shakespeare tunayoijua wengi, Mabepari wa Venisi, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Watu wanakumbuka Shylock mkopeshaji na ile ratili ya nyama ya mwili aliyoidai, basi. Hebu rudi mwanzo pale Bassanio anapomwambia rafiki yake Antonio habari za Portia. Jamaa ana madeni mpaka shingoni, anatafuta njia ya kuyamaliza, ndo anasema kule Belmont kuna binti kaachiwa urithi mkubwa, halafu sasa ndo anaongeza kwamba ni mzuri. Urithi kwanza sura baadaye! Na hela za kwenda kuposa zenyewe za mkopo, sarafu 3,000 za dukati. Portia naye uhuru hana, baba keshakufa lakini wosia wake ndo unamchagulia mume, kuna masanduku matatu, la dhahabu la fedha na la risasi, atakayefungua lenye picha yake ndo huyo huyo ampende asimpende. Bassanio alipopatia, Portia akamkabidhi nyumba, watumishi na yeye mwenyewe, vyote kwa pumzi moja, na msidhani ni maneno matamu tu, sheria ya Uingereza wakati ule ndo ilikuwa hivyo, mke akiolewa fedha na vitu vyake vinakuwa vya mume. Akampa na pete, bwana akaapa kwamba ikitoka kidoleni basi na roho imetoka. Kesi ya Shylock kumdai Antonio ile nyama inaisha tu, pete kampa wakili! Na wakili ni Portia mwenyewe kavaa kiume.

Sasa hayo mahaba ya viapo na kujifia yalitoka mbali. Ni ya makasri ya Ufaransa, karne ya 12 huko, mwanamme anajifanya mtumwa wa bibi mkubwa ambaye mara nyingi ni mke wa mtu, na kuna Andreas Capellanus aliandika kabisa kitabu kinachosema watu waliooana hawawezi kupendana hivyo. Akaja mshairi Petrarca Italia na mashairi yake kwa Laura, basi Ulaya nzima kila kijana akawa anaungua na kuganda kwa wakati mmoja. Kwa hiyo walioandika komedi walikuta mchezo umeshachakaa, kazi yao ilikuwa kuutia sindano tu.

Na sindano wamepewa wanawake. Kwenye As You Like It, ya Shakespeare pia, ya kama 1599 hivi, Orlando anabandika mashairi kwenye miti mpaka msitu mzima unamjua Rosalind. Rosalind mwenyewe kajigeuza kijana wa kiume, anamkagua juu mpaka chini, anamwambia wewe hujapenda, mashavu hayajabonyea, macho hayajaingia ndani, na nguo umevaa vizuri kabisa. Orlando anasema atakufa. Anajibiwa kwamba tangu dunia iumbwe wanaume wamekufa na funza wamewala, lakini hakuna aliyeuliwa na mapenzi. Halafu anamwonya kuwa wanaume wakitongoza ni Aprili wakishaoa ni Desemba, na hapo hapo anakiri kwamba wanawake nao wakishaolewa hali ya hewa inabadilika. Hapo ndo nampendea, hajitetei. (Aliyecheza Rosalind siku hizo alikuwa mvulana, maana wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya London, kwa hiyo hebu fikiria mvulana anayeigiza binti anayeigiza mvulana.)

Ni kweli tamthilia hiyo inafunga kwa ndoa nne, hilo nawapa. Lakini mmoja wa hao maharusi ni Touchstone, yule mchekeshaji, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa anataka padri wa ovyo amfungishe kichakani ili baadaye apate kisingizio cha kumwacha mke! Petruchio wa The Taming of the Shrew yeye wala hafichi, anatua Padua anasema wazi anatafuta mke mwenye mali, na baadaye mwandishi mwingine wa tamthilia, John Fletcher, akamwandikia mke wa pili aliyemfungia nje usiku wa harusi, ambayo mi naiona ni haki yake.

Mwandishi wenu akitaka ushahidi zaidi asome Love's Labour's Lost, ya Shakespeare, iliyochapwa 1598. Mfalme na mabwana wake watatu wanaapa miaka mitatu ya vitabu bila kuona wanawake, wanawake wanne wanafika, viapo vinayeyuka, mashairi yanamwagika. Mwishoni akina dada wanasema hatuolewi leo, subirini mwaka mzima, na Berowne, mmoja wa wale mabwana na msemaji kuliko wote, anapangiwa akautumie kuchekesha wagonjwa hospitalini. Analalamika kwamba mwaka ni mrefu mno kwa mchezo wa kuigiza, na mchezo unaishia bila harusi hata moja.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.