Risala ya Chama cha Wafugaji Tunaoishi Nairobi, Siku ya Kupima Afya

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mzee wa mtaa, wahudumu wa afya, wanachama na majirani, hamjambo nyote.

Mgeni wetu, karibu Kawangware. Sisi ni Wasamburu, Waturkana na Wamaasai tulioacha mifugo nyumbani tukaja kutafuta riziki. Wanaume wengi ni walinzi wa usiku. Akina mama wanauza shanga na mboga. Chama kilianza kwa kuchangiana nauli na gharama za matanga. Leo tunapimana pia uzito, presha na sukari.

Miili yetu imepimwa na wageni tangu zamani. Mwaka wa 1931, watafiti Orr na Gilks walichapisha vipimo vya Wamaasai na Wakikuyu. Mwanamume Mmaasai, mla maziwa, nyama na damu, alimzidi Mkikuyu wa wakati huo kwa takriban inchi 5 na ratili 23. (Majirani zetu mtusamehe. Siku hizi kwenye mizani hatupitani.) Miaka ya 1960 ikawa zamu ya Wasamburu. Nyumbani presha zao zilikuwa chini hata uzeeni, lakini za morani walioandikwa jeshini zilipanda. Chakula cha kambini kilikuwa na chumvi nyingi kuliko maziwa ya nyumbani. Utafiti uliotolewa mwaka wa 1990 uliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani: presha zao zilianza kupanda mapema tu baada ya kufika.

Utafiti unaotugusa zaidi ni wa Waturkana, wa mwaka wa 2020, uliopima watu wazima zaidi ya 1,200. Waliokwisha kuacha ufugaji wakabaki huko huko mashambani, wakichoma makaa au kusuka vikapu, hawakutofautiana sana na wafugaji. Walioingia mjini ndio afya yao ilikuwa mbaya zaidi. Tena, kuzaliwa mjini kulikuwa na madhara yake peke yake, hata mtu akiwa ameshakua. Hapo tunawafikiria watoto wetu, ambao ng'ombe wanamwona kwenye pakiti ya maziwa.

Kwa hiyo, mgeni wetu, hatufurahi tukiambiwa kuwa tumenenepa kwa uvivu. Mlinzi anakaa langoni kwa muda wa saa kumi na mbili, na kinachopatikana karibu usiku ni chai ya sukari, mandazi na chipsi. Makosa yetu pia yapo, tuseme ukweli. Mtu akirudi nyumbani likizo bila kitambi, wazee humuuliza kama kweli ana kazi. Hiyo tutaizungumza wenyewe na wazee.

Tunaloomba kwako ni hili. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mashine za presha na sukari mwaka wa 2023, lakini wanapobisha hodi mchana, mlinzi amelala au bado yuko njiani kutoka kazini. Waruhusiwe kuja kwenye mkutano wetu Jumapili alasiri, mara moja kwa mwezi. Watakaopatikana na presha wapewe dawa katika kituo cha karibu, maana kupimwa bila dawa kunaongeza wasiwasi tu. Na watoto wapimwe pamoja na wazazi, si wazazi peke yao.

Ukumbi tunao, viti tunavyo, na chai ya siku hiyo tutapika bila sukari.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama