Kabro, Klampu na Shilingi Elfu Tano

Nakuru,
Jumapili jioni

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Natumai mvua imewaachia njia ya kupitia huko Nyalenda, Kisumu. Sisi huku tuko salama, ila baridi inayoshuka kutoka Menengai imetufanya tulale na soksi.

Uliniuliza kwenye simu kesi yangu ya maegesho na kanjo, askari wa kaunti, iliishia wapi, nikakwambia salio linakatika, nitakuandikia. Salio lilikuwapo, ndugu yangu. Sikutaka tu kukueleza kwa mdomo jinsi nilivyoukataa ushauri wako, halafu unikatize kila sentensi kama unavyowakatiza wanafunzi wako. Kwenye barua hukatizi mtu.

Nianzie mwanzo, maana siku ile nilikusimulia nusu nusu. Nilikuwa nimeenda nyumbani kumpeleka mama akapimwe macho. Mji wenyewe unaujua, ni pale tulipokuwa tukishuka basi siku za kufunga shule. Sitauandika jina, barua zako huwa zinasomwa na nyumba nzima. Siku hizi wameupamba. Kando ya barabara kuu wamejenga njia ya waenda kwa miguu, vitofali vya kabro nyekundu safi, na katikati mstari wa vigae vya njano vyenye vipele ambavyo mtu asiyeona anavifuata kwa fimbo. Duka la miwani liko hapo hapo, mlango unatazama kabro.

Nafasi za kuegesha zilikuwa zimejaa. Iliyobaki ilikuwa kule karibu na posta, na mama magoti yake unayajua. Nikapandisha Probox juu ya kabro, magurudumu mawili, kisha nikaona mkia unazuia matatu barabarani, nikapandisha yote manne. Nikajiambia dakika tano. Tulikaa arobaini. Vipimo vilikwisha upesi, lakini mimi na muuza miwani tulianza kuvutana juu ya bei ya fremu, nawe unanijua nikianza.

Nilipotoka nikakuta gurudumu la mbele limekumbatiwa na chuma cha njano, klampu, na kwenye kioo karatasi yenye muda: saa 5:05. Kijana wa kanjo alikuwa amesimama kivulini anakula njugu. Hakunitukana, hakunidai kitu kidogo, hilo nimpe haki yake. Alinionyesha tu ofisi kwa kidole.

Ofisini nikapewa bili ya Sh7,000. Elfu mbili za klampu, elfu tano za kuvuta gari. Nikamwambia karani gari halijavutwa, liko pale pale lilipofungwa, ukitoka mlangoni unaliona. Akasema, "Hizo tunatoza pamoja."

"Na kama brekdauni, gari la kuvuta, haikuja?"

"Ingekuja."

Mwalimu, hiyo "ingekuja" ilinikera kuliko fedha zenyewe. Nikalipa kwa M-Pesa saa 5:42, kwa sababu mama alikuwa amekaa juani, gari likafunguliwa. Kabla ya kuondoka nilipiga picha mbili: moja ya gurudumu likiwa na klampu, nyingine baada ya kutolewa, na kwenye zote mbili lango la duka la miwani linaonekana nyuma. Ukiandikia watu barua kila siku kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, kama mimi, unajifunza kwamba mdomo mtupu haushindi faili.

Sasa ushauri wako. Ulinipa mitatu, nami niliupokea wote kwa heshima.

Wa kwanza, niseme hakukuwa na kibao. Kibao kilikuwapo. Lori limekigonga, kimekunjika kinatazama mbinguni kama mtu anayesali, lakini kipo. Na hata kingeng'olewa, ningesema nini? Gari halipandi ukingo wa simiti kwa bahati mbaya. Nilisikia kabisa tumbo la Probox likikwaruza.

Wa pili, niseme mama alikuwa mgonjwa mahututi. Nilikaribia kuukubali huo. Nilikuwa hata nimeshaandika sentensi moja, tamu, ya kuliza karani. Kisha nikamsomea mama. Kumbuka alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni muda wote nilipokuwa ndani nikibishania fremu. Macho yake yanakataa maandishi tu. Ya mbali anamwona hadi mbuzi wa jirani akiingia kwenye mahindi. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilimwona yule mwanamke wa baiskeli.

Mwanamke gani?

Ndipo aliponieleza. Alikuja mwanamke mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono, kama zile unazoziona Busia mpakani zikivuka na magunia. Alikuwa amebeba kreti mbili za mayai nyuma. Akafika kwenye gari letu, akapima kwa macho nafasi kati ya kioo cha pembeni na ukuta wa duka. Haikutosha. Akajaribu kugeuza, gurudumu likaingia kati ya kabro na mfereji, ikabidi mpita njia amsaidie kuinua. Akarudi nyuma hadi pale ukingo unaposhuka, akaingia barabarani, akapita katikati ya boda boda na matatu, ameinamisha kichwa, anazungusha mikono haraka haraka hadi alipopata mahali pa kupanda tena. Mama anasema mayai hayakuvunjika, alihakikisha. Alikuwa anamtazama tu, hakujua amwambie nini, maana gari lilikuwa la mwanawe.

"Sasa unaandika mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa," akaniambia.

Nikaifuta ile sentensi.

Ushauri wako wa tatu, ule wa binamu yako anayemwendesha diwani, tuuache hapo. Binamu yako ana deni langu la tangu harusi ya dada yake, akisaidia nitashindwa kulidai.

Hata hivyo, na hapa ndipo mama na mimi tulipoachana kidogo, sikuwa tayari kuacha elfu tano ziende. Yeye alisema, "Umekosa, umelipa, nyamaza." Nikamwambia nimekosa la elfu mbili, si la elfu saba. Kuna jirani yangu wa saiba aliyenishauri niandike kwamba kaunti haina mamlaka juu ya maegesho. Huyo hajasoma Katiba. Jedwali la Nne linazipa kaunti usafiri wa ndani, na humo barabara za kaunti, trafiki na maegesho vimetajwa kwa majina. Mamlaka wanayo. Lakini kifungu cha 210 kinasema kodi au ada ya leseni haitozwi ila kwa sheria, na hizi ada za mji huwekwa kwenye Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka. Nikaitafuta, nikaichapisha, kurasa nyingi ajabu, nusu yake ni bei za vibanda na machinjio. Nikaikuta. Mstari mmoja: kufunga gurudumu. Mstari mwingine chini yake: kuvuta gari. Hakuna popote pameandikwa "pamoja."

Barua yangu ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nakunukulia, kwa sababu najua ulitarajia kurasa nne:

"Naomba kurudishiwa Sh5,000 nilizotozwa kama ada ya kuvuta gari. Gari langu lilifungwa klampu saa 5:05 asubuhi. Nililipa saa 5:42, likafunguliwa mahali pale pale. Halikuvutwa. Sipingi Sh2,000 za klampu. Niliegesha kwenye njia ya waenda kwa miguu na kosa ni langu. Naambatisha karatasi ya kanjo, risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha mbili na ukurasa wa Sheria ya Fedha."

Nikaenda nayo mwenyewe, nakala mbili. Masjala walitaka kubaki na zote. Nikakataa kuondoka mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ilichukua robo saa kuupata muhuri, na dakika mbili zaidi kutafuta wino. Wewe ambaye umepoteza barua tatu za uhamisho pale kwa mwajiri wako, jifunze jambo hilo moja tu kutoka kwangu: usiache karatasi ofisini bila muhuri kwenye nakala yako.

Wiki tatu, kimya. Nikaandika ya pili. Katika hii nilimtaja mama wa sheria zote, Katiba: kifungu cha 47, kinachosema uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka, halali na wa haki, na kwamba mtu aliyeumizwa nao ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kuna sheria nzima ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza. Sikuomba fedha katika barua hiyo. Niliomba sababu. Chini kabisa nikaandika: nakala kwa ofisi ya Ombudsman, Kisumu. Hao hawatozi kitu ukiwapelekea lalamiko dhidi ya ofisi ya umma, na tawi lao liko huko huko kwenu, ukishikwa na hayo mambo yako ya uhamisho usiseme hukuambiwa.

Simu ilipigwa siku ya nne. Niende nikaonane na afisa.

Nilimkuta mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, faili langu mbele yake jembamba kama chapati ya hotelini. Akasoma barua ya kwanza mara mbili. Akaniuliza, "Kwa hivyo unakubali uliegesha pale?"

"Nakubali."

"Magurudumu mangapi?"

"Manne."

Akacheka hadi akavua ile miwani. Akaniambia watu wote wanaoingia ofisini humo hawakuegesha popote; magari yao yalijipandisha yenyewe. Kisha akamwita yule karani wa "ingekuja," akamwomba daftari la brekdauni la siku ile. Lilikuja, limeandikwa kwa kalamu ya buluu. Brekdauni ilikuwa gereji tangu Jumatatu ya wiki hiyo. Isingekuja, Mwalimu! Hata kama ningelala kwenye fremu za miwani hadi jioni.

Sikusema kitu. Karani naye akaanza kuchunguza kucha zake.

Usishangilie bado. Uamuzi ulikuja kwa maandishi: ada ya kuvuta imefutwa, ada ya klampu inabaki, na Sh5,000 zitawekwa kama salio la maegesho kwenye namba ya gari langu. Salio la maegesho! Mji ambao naingia mara mbili kwa mwaka, mia moja kwa siku. Ni siku hamsini. Kwa mwendo huo nitalimaliza baada ya miaka ishirini na mitano. Mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja, fanya hesabu tutakuwa na meno mangapi. Nilimpigia yule afisa kuuliza kama naweza kupata fedha taslimu, akasema inawezekana, kuna fomu ya benki na inapita ofisi tatu. Nimeichukua fomu. Iko hapa mezani chini ya kikombe, sijaijaza.

Barua hiyo ya uamuzi waliituma kwa anwani ya nyumbani, kwa hiyo mama ndiye aliyeifungua. Nilipofika mwisho wa mwezi nilimkuta ameiweka ndani ya Biblia. Akavaa miwani yake mpya, ile niliyoipigania, akanisomea mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mara ya mwisho kumsikia akisoma kitu kwa sauti tulikuwa shule ya msingi, wewe na mimi. Akapita ile sehemu ya elfu tano bila kusimama. Alipofika penye "kosa la kuegesha kwenye njia ya waenda kwa miguu linabaki," akasimama, akanitazama juu ya fremu, kisha akaendelea hadi kwenye sahihi na muhuri.

Desemba anatakiwa kurudi kwa muuza miwani, mguu mmoja wa fremu umelegea. Tumekubaliana nitaegesha kule posta, tutoke mapema, tutembee polepole na kupumzika pale kwa wauza ndizi. Salio lipo. Kama utakuwa umefunga shule, njoo tumshike mkono mmoja mmoja.

Na uniletee omena, zile kavu za Dunga, si zile ulizonipa mwaka jana zilizojaa mchanga. Msalimie mama watoto. Binamu yako usimsalimie, mkumbushe.

Ni mimi mwenzako wa dawati la nyuma.