Namba uliyomtajia yule mzee

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ni saa tisa usiku, wazee wangu wa hapa kazini wote wamelala isipokuwa bibi wa chumba cha mwisho, anayemwita dada yake aliyekwishafariki. Nikifika nyumbani asubuhi utakuwa umeshapanda basi la shule, na ukirudi mazoezini jioni mimi nafunga kamba za viatu nitoke. Kwa hiyo barua hii utaikuta ndani ya glovu yako ya besiboli. Usiisome mbele ya wenzako.

Juzi nilikuwa natafuta karatasi ya bima, nikafungua daftari lako la fizikia. Ukurasa wa mwisho una hesabu ambayo si ya fizikia. Kodi ya nyumba, miaka miwili. Gari la mama. Bati za nyumba ya bibi kule Wete, Pemba. Meno ya mdogo wako. Halafu umeandika "mama aache kazi ya usiku", na mbele yake namba kubwa kuliko zote. Chini umejumlisha: dola 480,000. Ndiyo namba ileile uliyomtajia yule mzee msaka vipaji wa klabu ya ligi kuu ya Marekani siku ile alipokuuliza ni kiasi gani kitakufanya uache chuo, yuko kwenye kochi letu, anatafuna mkate wa kumimina.

Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikakasirika.

Babu yako alikuwa akikodi mikarafuu. Wewe hukumwahi, lakini kazi yake unaijua kuliko unavyodhani, maana ndiyo ya wale wasaka vipaji wanaokaa nyuma ya wavu na tochi zao za kupimia mwendo wa mipira yako. (Nyinyi mnaziita jina jingine. Kule kwetu Tanzania, kile kidude cha trafiki cha kupimia mwendo wa magari ni tochi, na kwangu ni tochi tu.) Kabla ya msimu, karafuu zingali changa mtini, babu anaingia shamba la mtu, anatembea taratibu uso juu. Anatazama matawi, anatazama ardhi, anachuma kikonyo kimoja anakitafuna. Kisha anataja bei ya mavuno ambayo bado hayapo. Mvua ikizidi, hasara yake. Karafuu zikichanua kabla hazijachumwa, yake. Akipatia, faida yake.

Yule mzee wa kofia ya majani hafanyi tofauti. Nimemtazama mara tano sasa. Anafika kabla ya basi lenu, anafungua kiti chake, na mchezo wenyewe haumshughulishi. Anakutazama ukijinyoosha, ukirusha ile mipira ya kupasha bega, na ukimtazama mpokeaji wako, yule anayedaka unachorusha, alipoangusha mpira wa wazi. Anaandika kwa penseli. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba kila kitu wanakipa alama kuanzia 20 hadi 80, na kwamba 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, si wa shule. Na kwamba kila aina ya mpira unaourusha ina alama mbili, ya leo na ya kesho: ule wa kupinda labda 40 leo, 55 kesho. Ya kesho ndiyo wanayoinunua. Ndiyo maana alipokuja nyumbani aliniuliza marehemu baba yako alikuwa na urefu gani, na nikaona macho yake yanashuka kwenye viganja vyangu, kisha miguuni. Walahi nilirudisha miguu chini ya kochi. Nilijihisi ng'ombe wa mnadani, au tuseme mama wa ng'ombe.

Simlaumu. Ana adabu, alivua viatu bila kuambiwa, na jicho lake ni kali. Lakini linaona kinachoonekana. Unakumbuka ile Ijumaa ya Ramadhani? Ulianza maili 93 kwa saa, tochi zote zikainuka kama mikono msikitini. Ingizo la tano, yaani zamu ya tano ya mchezo, ukawa 88. Nikamwona anaandika, na kijana wa klabu nyingine kando yake naye anaandika. Wameandika nini? Kwamba pumzi inakwisha. Ulikuwa hujanywa hata tone tangu alfajiri! Nilinyanyuka niende kuwaambia, ukanitazama kutoka pale kwenye kilima chako cha kurushia na kutikisa kichwa. Nikakaa. Jua lilipozama ulimeza tende mbili nyuma ya benchi ukarudi kurusha. Hilo halikuandikwa na mtu.

Sasa nirudi kwenye namba. Babu yako alikuwa na kitu kimoja ambacho sikukipenda nilipokua na kukielewa. Alizijua nyumba zenye deni. Mwenye shamba asiyedaiwa husubiri, akachuma mwenyewe, akaanika, akauza karafuu kavu. Mwenye mgonjwa, mwenye harusi, mwenye deni dukani, huyo hukodisha mapema, na kwa bei ya kutupa. Babu hakumlazimisha mtu. Alipita tu wakati unaofaa.

Mzee alipokuuliza ni kiasi gani kitakufanya uache chuo, hakuwa anauliza ndoto yako. Alikuwa anauliza wakati unaofaa. Nimekaa nikajisomesha, si kwamba mama yako anajua kukanda chapati tu. Kwenye drafti, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, klabu ziko 30, raundi ni 20, na kila nafasi ya raundi kumi za mwanzo imewekewa thamani. Thamani hizo zikijumlishwa ndiyo fuko la klabu la kuwalipa iliowachagua, na ikilipita kwa zaidi ya asilimia tano inanyang'anywa haki ya kuchagua mapema miaka inayofuata. Kwa hiyo wakikupata wewe kwa rahisi, salio linamwendea kijana mwingine aliyekaza. Na wewe umemtajia mzee namba iliyokatwa kwa kipimo cha shida zetu. Ameandika kwa penseli, nimemwona.

Usinielewe vibaya, sisemi ukaze ili wakupe zaidi. Yupo mama mmoja wa North Carolina, Bettie Taylor, aliyekuwa akichambua nyama ya kaa kwenye kiwanda. Mwaka 1991 klabu ya Yankees ilimchagua mwanawe Brien wa kwanza kabisa katika drafti nzima, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka shule ya sekondari. Mama alikaza mpaka wakatoa dola milioni 1.55. Nampenda mama yule, nimemsoma kama jirani yangu. Lakini Desemba 1993 kijana aliingia kwenye ugomvi kumtetea ndugu yake, bega likaharibika, na ligi kuu hakuifika hata siku moja. Pesa ya mama ilikuwa nzuri. Bega halikuijua.

David Clyde, Houston, 1973: wa kwanza katika drafti, miaka 18, klabu ya Rangers ikampandisha ligi kuu mwezi uleule aliomaliza shule, kwa sababu uwanja ulikuwa hauna watu na yeye aliujaza. Alifaa kuuza tiketi. Mara ya mwisho kurusha ligi kuu ni 1979. Na Brady Aiken, 2014, naye wa kwanza: klabu ikapima kiwiko, haikupenda ilichokiona, ikashusha bei, mkataba haukutiwa saini. Mwaka uliofuata alipasuliwa kiwiko hichohicho, ule upasuaji ulioanza 1974 kwa mrushaji Tommy John, wa kuchukua kano mahali pengine na kuifunga kiwikoni. Pamoja na hayo mwaka huohuo akachaguliwa tena, wa 17. Ona basi, hata wao hawajui. Albert Pujols aliitwa wa 402 mwaka 1999, akaja kupiga mipira 703 nje ya uwanja. Wenye tochi walikuwapo.

Ninachotaka ni hiki. Chukua karatasi mpya, andika namba ambayo sisi hatumo. Usiiweke nyumba ya bibi. Bibi ana bati, zinavuja kona moja tu, na anapenda kulalamika. Usiyaweke meno ya mdogo wako. Usiniweke mimi. Andika: miaka mitatu ya chuo ina thamani gani kwangu, maana ukiingia chuo cha miaka minne, klabu hazikugusi tena mpaka umalize mwaka wa tatu au ufikishe miaka 21. Andika: niko tayari kulala Florida au Arizona, kwenye ligi ndogo, na wenzangu wasionijua, kula wali wa mkebe, nikirusha Jumanne na kupumzika siku nne? Single-A, ngazi ya chini ya ligi hizo ndogo, mwaka 2023 kima cha chini kiliwekwa dola 26,200 kwa mwaka. Mimi ninayebadilisha shuka za wazee nakuzidi. Na namba yoyote utakayoandika, kodi ya serikali na fungu la wakala vitakatwa kabla hujaishika.

Na kama jibu ni kwenda, nenda, sitakuzuia. Lakini fedha za chuo ziandikwe ndani ya mkataba, zisibaki za mdomo, kwa sababu klabu zina mpango huo na ukishasaini hakuna wa kukuongezea. Hilo nitalisimamia mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu hikihiki.

Kuhusu kazi ya usiku: niliichagua. Usiku hapana kelele, msimamizi hayupo, napata kusali kwa nafasi, na mchana naweza kuja uwanjani. Mwenye zamu ya mchana asingekuona ukirusha hata mara moja. Wewe ulidhani naichukia kwa sababu narudi nimevimba miguu. Miguu ni miguu. Ungeniuliza, baba.

Ule ukurasa nimeuchana, uko kwenye mkoba wangu. Mzee amesema atapita tena Jumapili baada ya adhuhuri. Mwambie bado unafikiri. Akisisitiza, mwambie: "Mama yangu amekataa namba ya kwanza." Atacheka, lakini ataifuta.

Alhamisi nimebadilishana zamu na mwenzangu Mkongo, nitakuwapo kuanzia mazoezi. Mwalimu wako ana kile kidude cha kuhesabia mipira, nami nitahesabu kwa tasbihi. Ukifika 105 unatoka, hata kama yeye amejisahau.

Barafu ya bega iko kwenye friza, nyuma ya mfuko wa pweza. Mara ya mwisho uliuacha mlango wazi, pweza akayeyuka.

Mama yako