Wagonjwa hawaikimbii tiba ya kikundi, wanalikimbia dirisha la dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lalamiko ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wahudumu wa vituo vya afya, kwamba wagonjwa wa sonona wakipangiwa ushauri nasaha wa kikundi huja siku ya kwanza, kisha hawaonekani tena. Huitwa wavivu, au watu wasiotaka kupona. Mimi niliyeifanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu siwezi kuwalaumu.

Katika kituo nilichohudumu mwisho, kikundi kilikutana Jumatano saa nne asubuhi, ambayo ni siku ya gulio, katika chumba kinachopakana na dirisha la dawa, na majina yalisomwa kwa sauti kutoka kwenye daftari. Namkumbuka mama mmoja aliyefika hadi mlangoni, akamwona jirani yake kwenye foleni, akajishika kifua na kuanza kukohoa. Aliondoka na dawa ya kikohozi. Kilichomleta alirudi nacho nyumbani.

Tulipowauliza wagonjwa wenyewe, jambo ambalo nakiri tulichelewa kulifanya, walitaka Jumatatu alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo, na waruhusiwe kuja na ukili wao. Mikono ikiwa inasuka, macho hayalazimiki kutazamana, na mtu huyatoa yale ambayo mbele ya meza ya muuguzi angeyameza. Baada ya wiki chache ilitubidi kutandika mkeka wa pili. Wanaume, kwa kweli, sikufaulu kuwavuta. Labda ukili haukuwa wao.

Jambo hili si geni. Nchini Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na Dkt. Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, mwaka 2006, huwatumia akina bibi waliopewa mafunzo kuwasikiliza wagonjwa nje ya zahanati, na maradhi yenyewe huitwa kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Baada ya mazungumzo hayo mgonjwa hualikwa kwenye kikundi, ambako watu hufuma mikoba huku wakizungumza. Nchini Uganda, katika utafiti uliofanyika Rakai na Masaka na kuchapishwa mwaka 2003, wanawake na wanaume walikutana katika vikundi tofauti kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari, na dalili za sonona zilipungua kuliko katika vijiji visivyokuwa na vikundi.

Ninachoziomba timu za afya za halmashauri ni kwamba, kabla ya ratiba kubandikwa ukutani, wahudumu wa afya ya jamii wawaulize wagonjwa siku, saa na mahali panapowafaa. Kila kikao kianze kwa makubaliano ya kutunza siri, yanayomfunga muuguzi sawa na wengine. Na asiyefika afuatwe kimya kimya na mtu anayemwamini, si kwa salamu zinazopitia kwa balozi wa nyumba kumi.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga