Barua ya wazi kwa mkuu wa utafiti wa ulinzi wa Marekani: tufungulieni majalada ya muunganiko

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoandika kwa faragha, kwa ofisi ambazo sitazitaja, kuomba ripoti za jeshi juu ya muunganiko wa nyuklia, zilipata jibu moja la mistari miwili: ombi limepokelewa, nyaraka hizo hazitolewi.

Kilichonimaliza subira ni hiki. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya mkutano mdogo wa wataalamu wa plazma, yaani gesi ya moto iliyochajiwa umeme, nikaeleza kazi yangu ya miaka minne: mashine yenye ukubwa wa pipa, imezungukwa na koili za sumaku, na kazi ya sumaku hizo ni kuizuia gesi ya moto isiguse kuta. Nilipomaliza, mzee mmoja mstaafu aliinua mkono. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hilo tulilijaribu. Elektroni zinavujia kwenye ncha za uga wa sumaku, palepale unaposema hujapaelewa. Tulipima, tukaandika ripoti, ikafungiwa." Nikamuuliza ripoti iko wapi. Akasema ilikuwa kazi ya jeshi, hata yeye aliyeiandika haruhusiwi kubaki na nakala.

Miaka minne, Mheshimiwa. Kijana niliyekuwa nikimfunza kazi alikata tamaa mwaka wa tatu akaondoka. Mimi nimekesha nikizibadilisha koili, nikidhani kasoro iko mikononi mwangu, nikijiuliza kama ninaifaa kazi hii. Kumbe jibu lilikuwepo tangu zamani, limelala kabatini chini ya muhuri. Usiku ule sikulala.

Najua una washauri, lakini wananchi watakaosoma barua hii huenda hawana, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Muunganiko wa nyuklia ni kule kubana viini vya atomi nyepesi mpaka viwe kiini kimoja, kama vinavyofanya ndani ya jua. Hapa duniani njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuunganisha deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni, na hata hiyo inadai joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Kila muungano hutoa nyutroni yenye kasi kubwa mno, isiyosikia sumaku, inayopenya na kuharibu chuma. Ndiyo maana neno "kinu kidogo" linahitaji uangalifu. Unaweza kupunguza sumaku, lakini ngao ya kuzuia nyutroni hubaki na unene wa karibu mita moja, uwe na kinu cha ukubwa wa nyumba au cha ukubwa wa lori.

Na lori ndilo tuliloahidiwa. Oktoba 2014, kitengo cha Skunk Works cha kampuni ya Lockheed Martin, kilekile kilichounda ndege za kijasusi za U-2 na SR-71, kilitangaza kwamba kinatengeneza kinu cha muunganiko cha megawati 100 kitakachobebeka mgongoni mwa lori. Sampuli ya kwanza ingepatikana ndani ya miaka 5, na matumizi ndani ya miaka 10. Mwaka 2019 ukapita. Mwaka 2024 ukapita. Simlaumu mtu kwa kushindwa, kwa sababu katika kazi hii wote tunashindwa kila wiki. Ninacholalamikia ni kwamba ahadi ilitolewa kwa sauti kubwa, ukimya ukafuata, na sisi tuliobaki hatukuonyeshwa ni wapi hasa njia ilipofungwa. Msongamano wa plazma ulifika wapi? Joto je? Ilidumu muda gani kabla ya kuvuja? Namba hizo tatu zingetosha kutuokolea miaka.

Nisamehe nikikukumbusha kwamba kipimo chenyewe tunachohukumiana nacho, kinachosema plazma iwe na msongamano, joto na muda kiasi gani ili itoe nishati kuliko inayokula, kiliwahi kufungiwa. Mhandisi John Lawson alikiandika Harwell, maabara ya nyuklia ya Uingereza, mwaka 1955, kikawa siri mpaka 1957. Miaka ile Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti kila mmoja alikuwa akifanya utafiti huu gizani. Aprili 1956 Igor Kurchatov, baba wa bomu la Kisovieti, alikwenda Harwell akawaeleza Waingereza waziwazi walichofanya wenzake, pamoja na walichokosea. Aliwaambia kwamba Wasovieti walipata nyutroni zilizowadanganya, kwamba zilionekana kama za muunganiko na kumbe hazikuwa zake. Januari 1958 Waingereza nao wakaitangazia dunia mafanikio ya mashine yao ya ZETA, na miezi michache baadaye wakakiri kwamba nyutroni zao hazikuwa za muunganiko wa kweli. Iliwauma, lakini walikiri mchana kweupe, na kila maabara ikajifunza. Septemba mwaka huohuo, Geneva, pande zote ziliondoa usiri juu ya utafiti wa kuzuia plazma kwa sumaku.

Angalia kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa barua yangu. Mwaka 1968 Wasovieti walisema tokamaki yao ya T-3, mashine yenye umbo la pete inayozuia plazma kwa sumaku, imefikia joto ambalo wengi hawakuliamini. Mwaka 1969, katikati ya Vita Baridi, Waingereza kutoka maabara ya Culham walifungasha leza zao na vipimo vyao wakaenda Moscow, wakapima wenyewe, wakakuta ni kweli. Muda si mrefu maabara ya Princeton, Marekani, wakaigeuza mashine yao kuwa tokamaki. JET, mashine ya Ulaya iliyotoa megajuli 69 za nishati mwaka 2023, ni mtoto wa safari ile. ITER, ile kubwa inayojengwa Ufaransa, pia. Kama wale wawili waliokuwa tayari kurushiana makombora waliweza kushirikiana hivyo, mimi nakosaje kuonyeshwa ripoti ya mashine iliyokwisha kuvunjwa?

Sisemi jeshi halijaisaidia raia. Tazama GPS, mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia ikatunguliwa na Wasovieti, watu 269 wakafa, na Rais Reagan akaahidi kwamba mfumo ule utafunguliwa kwa raia wote bure. Hata hivyo ishara ya raia iliendelea kuharibiwa makusudi, ikikosea hadi mita 100, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru uharibifu ule usimamishwe. Usahihi ukaongezeka takriban mara 10 kwa usiku mmoja. Hakuna setilaiti iliyorushwa usiku ule. Ilikuwa amri tu, na amri ndiyo ninayoiomba kwako.

Wala sisahau nyambizi. Kinu cha Shippingport, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1957, kilitokana na kazi ya Admirali Rickover iliyozaa Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia, na vinu vingi vya umeme vya leo ni vya ukoo uleule. Raia walirithi walichochagua wanamaji, pamoja na umbo lililokatwa kulingana na tumbo la nyambizi. Wengine hudai tungechagua vingine kama tungeanza na mahitaji ya mji. Mjadala huo ni mrefu, lakini angalau urithi ule ulitufikia.

Wa muunganiko hautufikii. Robert Bussard, mwanafizikia wa Kimarekani wa muunganiko, alifanya kazi yake miaka mingi kwa fedha za Jeshi la Majini la Marekani, bila uhuru wa kuchapisha alichokipata. Mwaka 2006 alisimama hadharani, akiwa mgonjwa na mzee, akajaribu kueleza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mwaka uliofuata alifariki. Kila nikiutazama mchoro wa mashine yangu namfikiria yeye, na mzee wa mkutanoni, na ninaona hasira inanipanda.

Nitendee haki nami nikutendee. Maabara ya Livermore, Marekani, ni ya silaha, na leza zake zipo kwanza kwa ajili ya kuchunguza mabomu bila kuyalipua. Lakini tarehe 5 Desemba 2022 ziliingiza megajuli 2.05 kwenye kidonge cha mafuta, kikatoa 3.15, na dunia nzima ikaambiwa, hata lile lisilopendeza: leza hizo zilivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi ya umeme. Basi inawezekana. Wanaoshughulika na silaha wanaweza kulipa, kulinda yanayostahili kulindwa, na bado kutoa namba.

Sijaomba michoro ya bomu. Plazma iliyozuiwa kwa sumaku ikivuja haigeuki kuwa silaha, inapoa tu. Nahisi kinachofungia majalada haya mara nyingi si usalama wa taifa bali aibu, au ni uvivu wa makarani ambao kwao kuacha muhuri ni rahisi kuliko kuuondoa. Pengine pia ni makampuni yanayolinda hataza zao. Vyovyote iwavyo, fedha zilikuwa za walipakodi na kazi imekwisha.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni moja. Toa amri kwamba kila mradi wa muunganiko uliolipiwa na jeshi na kufungwa, uchapishe vipimo vyake: msongamano, joto, muda, na mahali ulipovuja. Hasa ule ulioshindwa. Kama yote ni mengi, anza na miradi ya sumaku. Kama hiyo nayo ni mingi, anza na ripoti moja, ile ya yule mzee. Bado yu hai na akili yake ni timamu. Angeweza kukaa nami siku mbili akanieleza kila ukurasa, kama angeruhusiwa tu kuufungua.

Mashine yangu nimeizima tangu siku ile. Sitaiwasha mpaka nijue ninachokirudia.

Wako kwa heshima,
Mtafiti wa plazma