Daraja ya Ruzizi: foto tutapigia wapi?

Bwana Mhariri,

Minasoma gazeti yenu tangu zamani na sijawahi kuwasumbua na barua, lakini ile habari yenu ya daraja ya Ruzizi, hapa mupakani kati ya Bukavu na Rwanda, imenipandisha hasira. Eti ni kiungo cha Maziwa Makuu na tena mahali pazuri pa kusimama na kutazama mto. Kusimama? Nani alisimama pale hawakumufukuza?

Kiungo, sawa. Asubuhi bamama banajaa pale na vitunga vyao, bengine banaenda Kamembe, ng'ambo ya Rwanda, bengine banarudi. Na batu ba Uvira banajua kwa nini gari inavuka hapa Bukavu, inakamata lami ya Rwanda mpaka Bugarama, kisha inaingia tena Congo kwa Kamanyola: ni kukimbia Ngomo, ile barabara mubaya ya mulima upande wa Congo. Mutu anatoka Congo anaenda Congo, na njiani anagongewa kashe (muhuri) ya inchi ya jirani! Hiyo hamukuandika.

Sasa nije kwa foto. Siku moja mutoto wa dada yangu alikuja kututembelea kutoka Kisangani, na mutu wa Kisangani amezoea mto ambao ng'ambo inaonekana kwa mbali, basi alishangaa kuona kamto namna hii kanatenga inchi mbili, akatoa telefone, hata hajageukia bariere, anapiga foto ya maji tu pale inatoka kwa ziwa Kivu, mara mwanaume mumoja asiye na unifomu, jaketi ya ngozi kwa jua yote ile, akatoka nyuma ya kibanda cha vocha akamunyang'anya, eti tunapeleleza, amandi (faini) dola 50, tukabishana mpaka 10 na pesa ya fanta juu, nikaomba risiti akaniuliza "Muzee, unatafuta matatizo?", na telefone ikarudi foto zote zimefutwa, mpaka za harusi ya dada yake.

Na hata wangetuacha, tungepiga nini? Machupa ya plastiki. Mvua ikinyesha mto Kawa unabeba uchafu wa komine ya Kadutu unamwaga kwa ziwa, ziwa inasukuma kwa Ruzizi, inaenda kuziba mashine za baraji ya umeme ya Ruzizi I, umeme unakatika. Jirani yangu anatupa saketi za plastiki kwa mufereji muchana, usiku yeye njo wa kwanza kulalamika giza.

Mukitaka watalii, wakubwa baweke viti viwili vya simenti upande wa Bukavu, mita 30 mbele ya bariere, na mustari mwekundu chini: huku foto ndiyo, kule hapana. Bei kama ni lazima iandikwe kwa kibao, na risiti. Yule wa jaketi bamupatie unifomu akuwe kiongozi wa bageni, maana kukusanya pesa anajua.

Na ile foto yenu ya ukurasa wa kwanza, nyinyi mulilipa ngapi?

Musomaji wenu, Ibanda, Bukavu